Mpanda na Urambo: Umeme Mdogo Unahitaji Mteja Mwenye Sauti

Ndugu wasikilizaji, mkiitazama ramani ya reli zetu mtaona tawi moja linalochomoka Kaliua, magharibi ya Tabora, likashuka kusini kiasi cha kilomita 210 hadi Mpanda, na hapo likakoma. Tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Waingereza walipokuwa na tamaa mbili upande ule wa nchi. Ya kwanza ilikuwa madini ya risasi ya Mpanda, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Ya pili ilikuwa karanga za Urambo, moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, zilizochaguliwa kwa ule mpango mkubwa wa karanga ambao uliporomoka kabla haujatimiza miaka mitano.

Mgodi ulifungwa. Karanga zikashindikana, na wakulima wa Urambo wakageukia tumbaku. Reli ikabaki. Miji miwili ikabaki nayo, Urambo kwenye njia ya kwenda Kigoma na Mpanda mwisho wa tawi, kila mmoja ukitafuta namna ya kuishi baada ya wenye mitaji kuondoka.

Leo sitazungumza juu ya risasi wala karanga. Nataka tuitazame miji hiyo miwili kwa jambo moja tu, nalo ni umeme. Yote miwili ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Yote miwili iliwashiwa taa kwa mtambo wa dizeli uliokuwa hapo hapo mjini, wenye waya zake chache na wateja wake wachache. Lakini iliuendesha umeme huo kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa, na katika tofauti hiyo mna somo ambalo halijapitwa na wakati.

Kwanza tukumbushane kidogo. Wapo wanaodhani kwamba gridi ndogo, yaani mtambo mmoja unaolisha mji mmoja bila kuungana na mingine, ni jambo la watu maskini au ni mtindo mpya ulioletwa na wataalamu wa jua. Sivyo. Umeme wote duniani ulianza hivyo. Thomas Edison alipowasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York mwaka 1882, kilikuwa mtambo wa mtaa mmoja tu, na siku ile ya kwanza wateja wake hawakufika hata mia. Hapa kwetu Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na nyumba za Wazungu. Mwaka 1931 Waingereza walipoukabidhi umeme kwa makampuni mawili, DARESCO na TANESCO, walikabidhi miji iliyotengana, kila mmoja na mtambo wake.

Gridi ya taifa ilikuja baadaye sana. Serikali ilianza kununua hisa za makampuni hayo mwaka 1964, ikamiliki shirika lote mwaka 1975, na mwaka huo huo bwawa la Kidatu likaanza kufua umeme. Kutoka hapo nyaya kubwa zikatambaa. Miaka ya 1980 zilifika Mbeya na Mwanza. Lakini ukanda wa magharibi kabisa, kutoka Kigoma kushuka Mpanda hadi Sumbawanga, ulibaki gizani kwa upande wa gridi. Sumbawanga ilipata nafuu mwaka 2001 kwa umeme wa kununua kutoka Zambia. Mpanda haikuwa na jirani wa kumwazima moto. Ikabaki na dizeli.

Sasa, ndugu wasikilizaji, naomba tuingie katika hesabu ya dizeli, maana bila hesabu hii mambo mengine yote yatakuwa maneno matupu.

Mtambo wa dizeli ulio katika hali nzuri hutoa uniti tatu na nusu hivi, kwa wastani, kwa kila lita moja ya mafuta. Ukiwa umechakaa, au ukiendeshwa kwa mzigo mdogo kuliko uwezo wake, hutoa pungufu ya hapo. Tuchukue kwa mfano kwamba lita moja ni shilingi 2,000. Basi mafuta peke yake, kabla hujamlipa fundi, kabla hujanunua chujio na oili, kabla hujahesabu umeme unaopotea njiani katika nyaya, ni zaidi ya shilingi 570 kwa uniti moja. Na mafuta hayo yamesafiri. Yametoka pwani, yakapita Dodoma na Tabora, yakashuka hadi mwisho wa reli au yakapigwa na mashimo ya barabara ya porini. Mvua zikikata njia, mtambo unangoja.

Je, mteja wa Mpanda alikuwa akilipa kiasi gani? Alikuwa akilipa sawa na mteja wa Kariakoo au Ilala. Bei ya TANESCO ni moja kwa nchi nzima. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa kawaida alitozwa shilingi 292 kwa uniti, na yule wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alitozwa shilingi 100.

Utaratibu huu una sababu yake njema. Taifa moja haliwezi kumwambia mtu wa Mpanda kwamba kwa kuwa amezaliwa mbali na bwawa, basi kwake taa iwe ghali mara tatu. Mwalimu wa Mpanda analipwa mshahara ule ule wa mwalimu wa Temeke. Kwa haki hiyo hakuna wa kubishana nayo.

Lakini tazameni inavyofanya kazi upande wa pili. Kila uniti iliyouzwa Mpanda ilikuwa hasara kwa shirika. Kila mteja mpya aliyeunganishwa alikuwa hasara mpya. Ikiwa ni hivyo, shirika litakuwa na haraka gani ya kumwunganisha? Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ukaja na nguzo na nyaya hadi vijijini, na ada ya kuunganishwa ikashushwa hadi shilingi 27,000. Nyaya zikaongezeka, maombi yakaongezeka, lakini mwisho wa nyaya zote hizo palikuwa na mtambo ule ule wenye tangi lile lile. Mji ulipogeuka kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, ukaja na ofisi za mkoa, nyumba za wageni, mashine za kukoboa mpunga na saluni. Fedha za Uholanzi zikasaidia kuleta majenereta mapya Mpanda, Ngara na Biharamulo. Yalileta nafuu, lakini jenereta jipya nalo hunywa dizeli.

Wazee walisema rahisi ni ghali. Umeme wa bei nafuu ambao haupo saa unapouhitaji si nafuu. Mwenye mashine ya kusaga hulazimika kununua jenereta lake dogo, akanunua na dizeli yake mwenyewe kwa bei ya rejareja, na mwisho wa siku gharama humfuata mama aliyeleta debe la mahindi. Hapo ndipo hasara ya shirika inapogeuka kuwa hasara ya mwananchi, ila haionekani katika daftari lolote.

Sasa tupande treni turudi Kaliua, halafu twende Urambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi nzima ikizungumza juu ya kubana matumizi ya mashirika ya umma, Urambo lilifanyika jaribio ambalo wengi wenu hamjalisikia. Watumiaji wa umeme walijiunga wakaunda ushirika wao, Urambo Electric Consumers Co-operative Society, uliojulikana kwa kifupi kama UECCO. TANESCO haikukaa kando. Ilisaidia ufundi na mafunzo. Taasisi ya utafiti ya Stockholm ilisaidia utaalamu, na Wasweden wakatoa sehemu ya fedha. Lakini mwenye mamlaka juu ya mtambo alikuwa mwanachama. Kamati ilichaguliwa na wanachama, na bei iliamuliwa na wao katika mkutano.

Walianza mwaka 1994 na wateja wasiofika mia. Umeme uliwashwa jioni, kwa saa chache tu, kisha mtambo ukazimwa ukalala. Na bei? Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya TANESCO. Nasema tena, mara kadhaa. Mtu angetegemea ushirika huo ufe mwaka wa kwanza. Haukufa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 wateja walikuwa wamezidi 200.

Kwa nini mkulima wa tumbaku akubali kulipa kuliko mtu wa Dar es Salaam? Kwanza, hakujilinganisha na mtu wa Dar es Salaam. Alijilinganisha na mafuta ya taa, na koroboi, na moshi wake, na betri za redio. Kwa kipimo hicho umeme wa saa nne za jioni ulikuwa na thamani yake. Pili, na hili ndilo kubwa, alijua fedha yake inakwenda wapi. Alijua lita ngapi zimenunuliwa. Alimjua fundi kwa jina. Mtu akishindwa kulipa, aliyemkatia waya alikuwa jirani aliyetumwa na mkutano, wala hakuwa mgeni mwenye ngazi aliyetoka mjini. Dizeli ilipopanda bei, mkutano uliitwa na bei ikajadiliwa. Hakuna anayependa kupandishiwa bei, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupandishiwa na kukubaliana.

Tusiusifu ushirika kupita kiasi. Walioweza kujiunga hawakuwa maskini wa mwisho wa Urambo. Walikuwa wenye maduka, watumishi, wakulima wenye mavuno mazuri. Ada zilitosha kuendesha, lakini hazikuwa za kujenga mtambo mpya wa miaka ijayo. Na laini ya TANESCO ilipofika Urambo baadaye, wakati wa ushirika ulikwisha, kama vile kivuko kinavyokwisha siku daraja linapofunguliwa.

Kwa hiyo tuna miji miwili na mapungufu mawili. Mpanda kulikuwa na bei ya haki, lakini mteja hakuwa na sauti. Urambo mteja alikuwa na sauti, lakini alibebeshwa gharama yote peke yake. Swali langu la wiki hii ni hili: kwa nini tuchague kimoja? Kwa nini mteja wa pembezoni asiwe na bei ya haki, na pia awe na daftari la kufungua na kusoma?

Naona wengine watasema hayo ya Urambo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha gridi ndogo ya umeme wa jua kijijini Bwisya, kisiwani Ukara, katika Ziwa Viktoria. Umeme ulikuwapo, lakini bei ikawa ya juu sana kuliko ya TANESCO, na wananchi wakalalamika. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza gridi ndogo za watu binafsi zitoze shilingi 100 kwa uniti. Mwananchi akashangilia, na alikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tofauti kati ya shilingi 100 na gharama halisi haikuyeyuka hewani. Mtu lazima ailipe. Asipotajwa ni nani, mtambo wenyewe ndio utakaoilipa, kwa kukosa matengenezo na kwa kutojengwa wa pili. Ni hesabu ile ile ya Mpanda, imehamia ziwani.

Lakini pia tuna mifano ambayo hesabu ilipangwa vizuri. Mwaka 2008 nchi yetu ilipitisha Sheria ya Umeme, na mwaka huo huo ukaanza utaratibu wa wazalishaji wadogo, chini ya usimamizi wa EWURA. Utaratibu huo ulikuwa na akili moja nzuri sana. Uliweka bei mbili ambazo TANESCO ingelipa kwa umeme wa mzalishaji mdogo. Mwaka 2012, aliyeuza kwenye gridi ya taifa alilipwa shilingi 152.54 kwa uniti, na aliyeuza kwenye gridi ndogo ya mji wa dizeli alilipwa shilingi 480.50. Kwa nini tofauti hiyo? Kwa sababu katika mji wa dizeli, kila uniti ya maji au ya mabaki ya miti inayoingia ni mafuta ambayo hayakuchomwa. Shirika likilipa 480 likaepuka kuchoma dizeli ya zaidi ya hapo, limeokoa.

Waliosikia wito huo walikuwa pamoja na masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma. Walijenga kituo cha maji cha Tulila katika mto Ruvuma, chenye megawati 5, kikaanza kuuza umeme kwa TANESCO ya Songea mwaka 2015, wakati Songea nayo ilikuwa mji wa dizeli. Kisiwani Mafia, kampuni ya Ngombeni ilijenga mtambo wa kuchoma minazi iliyozeeka. Hapo mteja wa shirika, jirani wa shirika, alikuwa pia mwuzaji wake. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuendesha gridi ndogo pamoja na wananchi.

Mpanda ina jua la kutosha miezi mingi ya mwaka, na ina mashine za mpunga zinazotoa pumba kwa magunia. Hata bila kujenga kitu, kuna jambo ambalo wateja wenyewe wangeweza kulifanya na shirika: kupanga saa. Mtambo wa dizeli hauupendi mchana wa uvivu na jioni ya vurugu. Mashine za kusaga na kukoboa zikikubaliana kufanya kazi mchana, kwa bei iliyopunguzwa kidogo, jioni hubaki ya taa, redio na hospitali. Hilo halihitaji mkopo wa nje. Linahitaji meneja wa wilaya na wenye mashine kukaa meza moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandae mazungumzo haya. Miaka hii ya 2020 imejengwa laini kubwa ya kilovolti 132 kutoka Tabora, ikipita Ipole na Inyonga hadi Mpanda, mwendo wa kilomita zipatazo 383. Ni kazi ya kujivunia. Mkoani Kigoma, mwaka 2022, kuzimwa kwa majenereta ya dizeli kulikuwa sherehe, na ndivyo inavyostahili. Mkoa wenye bandari mpya ya Karema, iliyokamilika mwaka 2022, hauwezi kukua kwa mafuta ya kubebwa kwa magari.

Lakini wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Laini moja ya kilomita 383, inayopita katika mapori, ni uzi mmoja. Tuwaulize ndugu zetu wa Unguja. Walipata waya wa chini ya bahari mwaka 1980, wakautegemea peke yake. Mwaka 2008 ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Ukaharibika tena Desemba 2009, na giza likaendelea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, mahoteli yalihangaika, samaki waliharibika. Baada ya hapo ndipo majenereta ya akiba yalipowekwa Mtoni. Na gridi yenyewe ya taifa si malaika. Mwaka 2024 ilipata hitilafu zaidi ya mara moja, sehemu kubwa ya nchi ikazimika kwa mpigo.

Kwa hiyo majenereta ya Mpanda yasiuzwe kama chuma chakavu. Yatunzwe, yajaribiwe kila mwezi, na kituo kiwe na uwezo wa kujitenga na laini kubwa kikailisha hospitali, maji na soko siku uzi utakapokatika. Mtambo huo ambao jana ulikuwa mzigo, kesho unaweza kuwa bima.

Na tusisahau walio ng'ambo ya nguzo. Laini kubwa ikifika mjini, haifiki siku hiyo hiyo katika kila kitongoji cha Mishamo, wala katika kila kijiji cha wavuvi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa hao, gridi ndogo itakuwa jibu kwa miaka mingi bado. Tukienda kwao, twende na masomo yote mawili. Bei iwe ya haki, na ruzuku itajwe wazi ni kiasi gani na anayeilipa ni nani. Na kila mwezi, pale penye ofisi ya kijiji, libandikwe karatasi moja: mafuta yaliyoingia au jua lililovunwa, uniti zilizofuliwa, uniti zilizouzwa, uniti zilizopotea, fedha iliyokusanywa. Karatasi moja tu. Wana Urambo walikuwa nayo katika mikutano yao miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi kufika kwao.

Shirika la umeme lenye wateja milioni nyingi haliwezi kumjua kila mmoja kwa jina. Lakini katika gridi ndogo linaweza, na likiweza, mteja naye ataujua mtambo kuwa ni wake. Mtu hamwibii mwenzake waya anaoujua umelipiwa na nani.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo. Kwa herini.